Gitaa ya Mashoto

Mbumbuni
6 Februari 2024

Bwana Nzau,

Barua yako nimeipata. Umefanya vizuri kuandika, maana simu hainifai. Masikio yangu niliyaacha mbele ya spika za dansi, na siku hizi hata radi naiona tu, siisikii.

Unauliza ni nani alipiga solo kwa ule wimbo "Kanyiva" wa Katulani Jolly Boys. Ni mimi, Kyule. Kwa sahani ya santuri waliandika Ndululu, kwa redio wanasema Ndululu, na Novemba walipomzika kule Mutomo niliambiwa pasta alisema vidole vya Ndululu vimepumzika. Vidole vya Ndululu vilikuwa vya rithim, na rithim yenyewe ya kubahatisha. Sauti ilikuwa yake na maneno yalikuwa yake, hapo simnyimi. Lakini ile gitaa ya mbele, ile ambayo watu wanaimba kwa mdomo mpaka leo wakipalilia, ni mkono wangu huu wa kushoto.

Unasema kila mzee aliyebaki hai anadai alipiga kila kitu, kwa hivyo unataka ushahidi. Upo. Gitaa ile ni ya Mjapani, niliinunua kwa duka la Mhindi Machakos mwaka wa 1969, na ilikuwa ya mtu wa kulia. Mimi ni mashoto. Niliigeuza juu chini nikapiga hivyo hivyo, nyuzi nene zikiwa chini. Mtu wa kulia akipiga miaka kumi, mkono wake unakula rangi upande wa juu. Yangu imelika upande mwingine, pale kwa vitufe vya sauti, mpaka mbao ikatokea, alama ya upana wa kiganja. Ndululu hangeweza kuiweka alama hiyo pale hata angetaka.

Iko kwa watu wake. Nitaichukua. Njoo tarehe 22 Aprili kama ulivyosema, uipige picha ya kitabu chako, na chini yake uandike jina moja.

Kyule wa Kiilu


Mbumbuni
9 Februari 2024

Mwanangu Nzisa,

Anayekuletea barua hii ni Hamud wa mbuzi. Lori lake linakuja soko ya Mutomo, na amekubali kubeba jibu pia.

Pole sana kwa kumpoteza baba. Sikuweza kufika mazishini, nilikuwa mgonjwa. Tulikula sufuria moja na Ndululu miaka kumi na tatu, wewe unajua.

Kuna gitaa yangu ilibaki kwake bendi ilipovunjika mwaka wa 1982, mimi nikienda Mombasa kutafuta kazi. Sikuidai kwa sababu ilikuwa kwa ndugu. Sasa nina miaka sabini na sita. Ningeomba inirudie. Sina shughuli nayo, siwezi hata kuisikia. Nataka tu kuishika kabla sijafa.

Msalimie mama.

Mzee wako,
Kyule


Mutomo
3 Machi 2024

Baba Mbula,

Hamud alinipata dukani nikimpimia mtu dawa ya kupe. Nilipoona bahasha imeandikwa kwa mkono nikadhani ni barua ya korti. Nikaisoma nimesimama, halafu nikakaa chini, machozi yakanitoka mbele ya wateja.

Mazishini tulikutazamia, lakini ugonjwa hauna adabu, hatukuweka moyoni.

Gitaa ipo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi nimeinama kweli, uliza mgongo wangu. Imekaa chini ya kitanda cha mama tangu baba aokoke. Unajua wazee wa kanisa walitaka ichomwe pamoja na suruali zake za dansi? Suruali zilichomwa. Gitaa akakataa, akasema hii ina mwenyewe, na mali ya mtu haichomwi kwa wokovu wa mtu mwingine.

Lakini mzee wangu, nilipoifungua niliona aibu. Imechunika kama mgongo wa punda wa maji. Kuna mahali mbao iko wazi kabisa. Wakati fulani niliwaonyesha vijana wa kwaya, wakacheka. Wao wanataka zile mpya nyeusi zinazong'aa, nyepesi, kijana anaivaa ibada nzima bila kusikia shingo. Hii yenu ni nzito kama jiwe la kusagia. Sasa nikutumie hivyo, watu wa Mbumbuni waseme Ndululu aliacha watoto wa namna gani?

Mama anakusalimia. Jumapili jioni bado anakaa karibu na redio akingoja wimbo wake, ule "Kanyiva". Si unajua hakuwahi kukanyaga dansi hata siku moja, mtoto wa mwinjilisti. Alimjulia baba redioni kwanza. Anasema alimkubali kwa ile gitaa, si kwa maneno, maana maneno kila mwanamume anayo. Mtu ambaye vidole vyake vinabembeleza hivyo, anasema, hawezi kunipiga. Na kweli hakumpiga.

Wako,
Nzisa


Mbumbuni
12 Machi 2024

Mwanangu Nzisa,

Muvea muno, asante sana. Usijisumbue na aibu. Ilete kama ilivyo, hata vumbi usipanguse.

Hao vijana wako usiwasikilize. Uzito ndio gitaa. Ile ni mbao moja nzima, mti uliokauka polepole kabla ya kuguswa na msumeno. Zilizokuja miaka ya themanini zilikuwa mbao za kubandikana kama mlango wa choo. Ukivuta uzi inalia kopo. Sisi wenyewe tulizikimbilia kwa sababu ya rangi. Kiema wetu wa besi aliuza yake nzuri akanunua moja ya kumetameta, na tangu siku hiyo besi yake haikusikika tena mpaka alipokufa.

Hamud anarudi huko wiki ya kwanza ya Aprili. Mpe tu.

Kyule


Mutomo
8 Aprili 2024

Baba Mbula,

Haya, pokea mali yako, na usinitukane kwa kuchelewa, sababu utaiona ukifungua.

Ati nisijisumbue. Nilicheka. Hivyo ndivyo baba alikuwa akisema, usijisumbue, na usipojisumbua anakununia wiki mbili. Sisi hatukulelewa kurudisha kibuyu cha watu kikiwa kichafu, wala kikiwa kitupu. Kimekaa kwetu miaka arobaini na mbili, kirudi na majivu?

Nilimpelekea fundi Kasyoki, yule anayetengeneza mimbari za kanisa. Ndiye alitengeneza jeneza la baba, kwa hivyo mkono wake naujua. Ameipiga msasa siku tatu mpaka ikawa laini kama shavu la mtoto, akaziba kila shimo, akaipulizia rangi nyekundu ya pikipiki, mikono minne, tabaka juu ya tabaka. Vile visahani vya sumaku chini ya nyuzi vilikuwa vimeota kutu, akavitoa akatupa, akaagiza vipya Nairobi. Nyuzi pia mpya. Imerudi ujana. Vijana wale wale waliocheka walikuja dukani kuiangalia, na mmoja akauliza kama tunauza.

Ndani ya sanduku lake nimejaza ndengu. Ni za shangazi yangu wa Kyuso, za msimu huu, hazina mdudu. Upikiwe ule ukimkumbuka rafiki yako.

Nilipomwonyesha mama alisema, sasa Ndululu amelala vizuri.

Nzisa


Mbumbuni
11 Aprili 2024

Nzisa,

Nimefungua sanduku. Ndengu nimemwagia kuku.

Nani alikutuma? Nilikuambia kama ilivyo. Nilikuambia hata vumbi. Kuna Kiswahili kingine ulitaka?

Ile mbao iliyokuwa wazi, ile uliyoita mgongo wa punda, ilikuwa jina langu. Hakuna mahali pengine limeandikwa. Mimi ndiye nilipiga "Kanyiva". Mimi ndiye nilipiga zote. Baba yako alishika gitaa hii siku ya picha ya bango tu, na dunia ikachukua picha. Mimi ni mashoto, na mkono wa mashoto unakula rangi mahali ambapo mkono wa baba yako haungefika, na kuna mtu anaitwa Nzau anayeandika kitabu cha gitaa za bendi zetu, na alikuwa anakuja tarehe 22 kuona mahali hapo kwa macho yake. Aliniandikia kwamba watu wanadanganya lakini mbao haidanganyi. Sasa mbao imepigwa msasa na mtu wa majeneza.

Hujui siku hizi watu wanatafuta nini. Zamani gitaa yenye makovu ilikuwa aibu, uliificha nyuma ya jukwaa. Leo gitaa kuukuu yenye rangi yake ya kwanza, na kovu zake, na hata kutu yake, ndiyo inatafutwa. Vile visahani alivyotupa vilikuwa ndio sauti yenyewe. Mjapani aliyevizungushia waya amekufa na ujuzi wake. Muulize Kasyoki alivitupa wapi.

Miaka hamsini na mitatu nasikia jina la mtu mwingine juu ya vidole vyangu. Masikio yalipokufa nilishukuru Mungu.

Kyule


Mutomo
18 Aprili 2024

Mzee Kyule,

Kasyoki nimemuuliza. Alivitupa kwa shimo la takataka nyuma ya soko, na shimo huchomwa kila Ijumaa. Hilo nimekujibu, sasa nijibu na mimi.

Uliandika "nataka tu kuishika kabla sijafa." Nililia kwa neno hilo, mzee. Nilifunga duka nikamtafuta fundi. Kumbe hukutaka kushika chochote, ulitaka kumvua baba yangu nguo akiwa na miezi mitatu kaburini, na ulitaka mimi ndiye nikukabidhi. Mazishini hukuwa mgonjwa, sivyo?

Ungesema ukweli, gitaa ingebaki na kovu zake. Ningekasirika, pengine ningekunyima, lakini msasa haungeigusa. Unaniuliza kama kuna Kiswahili kingine. Kipo, na wewe unakijua kuliko mimi. Mtu akija kwangu nikamuuliza atakunywa chai akasema hapana usijisumbue, mimi huacha kuchemsha maji? Wewe ukija ukikosa chai, ungeenda kusema nini kule Mbumbuni? Ulitaka nikutendee kama mwenye adabu, na papo hapo ulitaka nisiwe na adabu. Haya, umepata yote mawili.

Baba alikataa gitaa yako ichomwe. Alisimamishwa kanisani miezi sita kwa sababu hiyo. Nilidhani unajua.

Na ndengu zile za shangazi zilikuwa za mjane.

Nzisa


Mbumbuni
25 Aprili 2024

Nzisa,

Nzau alikuja. Niliandika kwa karatasi, yeye akaandika, tukazungumza hivyo. Aliigeuza gitaa mara mbili, akaangalia chini ya vitufe kwa tochi, akaandika: "Hii ni nzuri kwa kanisa." Nilimwambia habari ya msasa. Aliandika kwamba ananiamini yeye kama Nzau, lakini kitabu hakiwezi kuniamini.

Halafu akatoa yake kwenye gari anionyeshe. Mpya kabisa, ya mwaka huu. Nikaona imechunika rangi, imeota kutu kwa skrubu, ina alama ya sigara pale juu. Nikamuuliza iliangukia wapi. Akaandika kwamba inatoka kiwandani hivyo. Kuna watu wameajiriwa kuzikwaruza, na hizo zilizokwaruzwa ndizo ghali. Nilishika kovu lake kwa kidole. Lilikuwa upande wa juu, kwa mtu wa kulia.

Najua una hasira, na kwa habari ya mazishi umesema kweli. Sikuwa mgonjwa. Sikutaka kusimama pale nikisikia vile vidole vikisifiwa. Kuhusu kusimamishwa kwake kanisani, hakuna aliyeniambia.

Lakini nakuuliza jambo moja. Agosti ya 1979 baba yako alikuleta hapa Mbumbuni likizo nzima. Ulikuwa na miaka saba. Ulikuwa ukikaa juu ya sanduku la amplifaya tukifanya mazoezi, na ukikataa kushuka. Kiema amekufa, mpiga ngoma amekufa, Ndululu amekufa. Macho yaliyobaki ni yako.

Nzau anakuja Mutomo wiki ijayo. Nilimpa jina lako. Amesema neno la mtoto wa Ndululu mwenyewe litamtosha, maana hakuna mtu atasema umemwibia baba yako kwa faida yako. Sikuombi unipende. Sema ulichoona.

Kyule


Mutomo
6 Mei 2024

Mzee Kyule,

Nzau alikuja Alhamisi.

Nakumbuka. Sitakuzungusha. Nakumbuka ile amplifaya ilivyokuwa ikinitetemesha makalio, na nakumbuka wewe umesimama karibu na mlango, gitaa imegeuka vibaya, na mimi nikamuuliza baba mbona yule anaishika kama mtu anayepakata mbuzi. Baba alicheka akasema, hiyo hiyo ndiyo inatulisha. Alikuwa akikutazama wewe, si mimi. Nakumbuka pia alipojaribu ile sehemu ya mbele ya wimbo wa mama, vidole vikamshinda, mkacheka wote, akakurudishia. Miaka yote hii nilijua. Sikuwa nimeambiwa nijue, kwa hivyo nilikuwa nimeiweka mahali.

Sasa sikiliza. Nzau alipofika, mama alikuwa dukani. Siku hizi hukaa pale kwa kiti cha mlangoni akichambua kunde. Akasikia ni habari ya wimbo wake, akaacha kunde. Nzau akaniuliza mimi wazi, kijana wa watu, kwa heshima: wewe uliona kwa macho yako, ni nani alikuwa akipiga solo ya "Kanyiva"?

Mimi nimeokoka tangu 1991. Duka langu mizani haijawahi kukaguliwa ikapatikana na kosa. Nilimtazama mama. Ana miaka sabini na minne. Mumewe ameondoka, meno yameondoka, kilichobaki ni kwamba zamani mtu alimbembeleza na vidole vyake kwa redio, akamwamini, akamfuata. Nikawaza, nikisema ni Kyule, basi alimfuata nani?

Nikasema, ni baba. Mama akatikisa kichwa kwamba ndiyo, akarudi kwa kunde zake. Nzau aliandika, akanywa soda, akaenda.

Hivyo ndivyo nilivyokutenda. Usiku sijalala vizuri tangu siku hiyo na sitafuti huruma yako. Wewe ulinidanganya kwa karatasi, mimi nimekudanganya kwa mdomo, na Mungu atatupima mwenyewe. Najua pia nilichofanya sasa hivi kwa kuandika haya yote. Mwandiko ni wangu na jina nitaweka hapa chini, sitalikana. Ukitaka kumpelekea Nzau barua hii, mpelekee. Wewe ni mzee, na wewe ndiye uliyeibiwa. Naiacha kwako. Lakini mama bado anasoma, kwa miwani.

Nzisa Ndululu


Mbumbuni
14 Mei 2024

Nzisa,

Nimesoma barua yako mara nne. Umeandika vizuri kuliko nilivyotazamia, na umenikumbuka vizuri pia. Kwamba baba yako alisema inatulisha, hilo sikulijua, na ningependa kulisikia akiwa hai.

Ulidhani ukiniachia mimi, uzee wangu utaona haya. Najua. Ndivyo tunavyofanyiana. Mtu anafunguliwa mlango ili akatae kuingia.

Mama yako amekuwa na ile gitaa miaka hamsini na zaidi, kila Jumapili jioni. Mimi sijakuwa nayo hata siku moja. Nikitembea sokoni hapa, watoto wanaimba solo yangu kwa mdomo. Naona midomo yao ikienda, na ninajua ni ipi, na hakuna hata mmoja anayejua kwamba ni huyu anayepita.

Ulisema nimpelekee nikitaka. Nilitaka. Barua yako ilitoka hapa jana na mwanangu Mbula, ameikabidhi mkononi, na Nzau amethibitisha kwamba ameipata. Kitabu kinatoka Agosti.

Mwambie mama mapema, akiwa ameketi. Asikisome peke yake.

Kyule wa Kiilu
mpiga solo, Katulani Jolly Boys